Tool na Fear Inoculum: ngoma ndiyo inayosema

Mashabiki wa metali hapa Bujumbura hatujazi Probox mbili, lakini tukikutana Buyenzi jioni utadhani ni mkutano wa kampeni. Bendi ya Tool ilitoa albamu ya Fear Inoculum tarehe 30 Agosti 2019 na hadi leo ubishi haujapoa. Kuna wanaosema: tumengoja miaka 13 tangu albamu ya 10,000 Days ya 2006, halafu tunaletewa nyimbo za dakika kumi na kitu ambazo hazifiki popote. Wenzao wanajibu kwamba hiyo ndiyo kazi yao bora kuliko zote, na asiyeielewa arudi kwenye nyimbo zake za dakika tatu. Kwa maoni yangu, wote wanasikiliza pasipo penyewe. Wanamfuata mwimbaji na gitaa, wakati albamu hii imejengwa kuanzia kwenye ngoma. Sisi wa nchi ya ingoma tungepaswa kuwa wa kwanza kulisikia hilo.

Nianze na ingoma, maana ndiyo nitakayoitumia kupimia. Abatimbo, yaani wapigaji wake, husimama nusu duara, ngoma kumi na zaidi, idadi yake siku zote ni witiri, na moja huwekwa katikati. Ngoma ziitwazo amashakwe zinashikilia pigo lisilobadilika mwanzo hadi mwisho. Inkiranya, ile ya katikati, ndiyo inayoongoza: wapigaji wanaiendea kwa zamu, mtu anaruka, anacheza, anageuza mdundo. Ibishikizo vinafuata kile inkiranya inachosema. UNESCO iliiorodhesha ngoma hii katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, na tangu hapo kila mgeni anapigwa picha nayo, ila ni wachache wanaosimama kidogo kuangalia nani anashika na nani anasema. Yanyamazishe amashakwe, na anayeongoza hana pa kukanyaga. Iondoe inkiranya, na unabaki na mdundo mtamu usio na neno.

Roki ya kawaida imegawa kazi hizo kwa namna ileile, ila vyombo vimebadilishana nafasi. Mpiga dramu anashika saa, gitaa na sauti ya mwimbaji ndizo zinazosema. Tool wamepindua mpangilio huo. Wamekuwa wakiupindua kidogo kidogo tangu miaka ya 90, na katika Fear Inoculum wamemaliza kazi.

Chukua "Pneuma", wimbo wa pili, dakika 11 na sekunde 53. Besi ya Justin Chancellor inaanzisha kifungu na kukirudia. Gitaa la Adam Jones linakikamata kifungu hicho, linakifanya kizito, halafu linakaa nacho. Hayo ni amashakwe kabisa. Anayetembea ni Danny Carey, nyuma ya dramu. Mwanzoni anagonga kwa adabu, akiacha nafasi nyingi. Mzunguko unaofuata anaongeza pigo moja pale ambapo hukulitarajia, mwingine anahamisha mkono kwenda kwenye ngoma nene za chini. Katikati ya wimbo uzito wote unaondoka, naye anahamia kwenye vibao vya kielektroniki, vile viitwavyo Mandala, vinavyotoa sauti za kufanana na tabla. Si pambo la kuokoteza, maana Carey aliwahi kukaa chini ya mwalimu wa tabla, Aloke Dutta, akajifunza. Kisha seti nzima inarudi, na unatambua kwamba kifungu cha besi hakikuondoka muda wote huo. Fanya jaribio: usikilize mara moja ukifuata besi peke yake. Baada ya dakika tatu utachoka, kama utakavyochoka ukimkodolea macho mtu wa amashakwe. Halafu rudia ukimfuata Carey.

Sasa hesabu, maana mashabiki wa Tool bila hesabu hawalali. Albamu hii imejaa saba, kuanzia kwenye jina la "7empest" hadi ndani ya vifungu vyenyewe, na wapo waliokwisha kuigeuza saba hiyo kuwa elimu ya nyota. Hayo mimi nayaacha. Kinachonihusu ni kazi inayofanywa na saba. Gonga meza kwa mwendo ulio sawa. Mguu uangukie kila baada ya mapigo manne, na kifungu cha mkono kianze upya kila baada ya mapigo saba. Mguu na kifungu vinaanza pamoja, mara moja vinaachana, na havikutani tena hadi pigo la 28 lipite. Katikati ya safari hiyo sikio linasikia mstari mrefu usiojirudia, ingawa hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kilichobadili chochote. Ukitaka msikilizaji auzoee mzunguko kama huo kabla hujaugeuza, lazima uuache ufunge mara kadhaa. Dakika zinakwenda hapo. Tusiseme basi kwamba urefu wa nyimbo hizi ni majivuno matupu, maana sehemu kubwa yake ni gharama ya kupanga tabaka moja juu ya jingine.

"7empest" yenyewe, dakika 15 na sekunde 43, ina rifu ambayo wachambuzi wengi huihesabu kwa 21. Uzuri wa 21 ni kwamba inakubali kusomwa kama saba mara tatu au tatu mara saba. Gitaa linaweza kukaa na usomaji mmoja huku dramu ikikuvutia kwenye mwingine. Linganisha na "Schism" ya mwaka 2001, inayokwenda tano kisha saba, au "Lateralus" iliyo kwenye albamu moja nayo, yenye tisa, nane, saba. Huko bendi ilikuwa inakuonyesha waziwazi kwamba imebadili hesabu. Hapa inaitia hesabu moja mkononi mwako, inakuacha uizoee, halafu inacheza juu yake.

Kucheza juu ya mzunguko usiobadilika ndiyo kazi ya inkiranya, na hapa historia ya kwetu inaingia. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi ngoma zetu hapa nchini, na lebo ya Ufaransa, Ocora, ikazitoa kwenye santuri ya Musique du Burundi. Rekodi hiyo ilizunguka. Mwaka 1971 ilitoka "Burundi Black", ambapo vyombo vya roki vilimwagwa juu ya abatimbo walewale. Mwaka 1975 Joni Mitchell alichukua kipande cha ngoma hizo, akakizungusha kwenye utepe, akaweka sinthesaiza na sauti yake juu: huo ndio "The Jungle Line". Kufikia 1980 Adam and the Ants wa London walikuwa na wapiga dramu wawili wakitafuta ngurumo hiyohiyo, na magazeti ya Uingereza yakaiita mdundo wa Burundi.

Ukisikiliza rekodi hizo kwa sikio la hapa, unaona kilichochukuliwa na kilichobaki. Utepe ukizungushwa hubeba amashakwe vizuri sana, kwa sababu kazi yake ni kurudia. Inkiranya ikiwemo inaganda: ilichosema mara moja inakisema mara mia, na wengine hawana cha kuitikia tena. Wimbo wa Mitchell naupenda, lakini ngoma zetu mle ndani zimewekwa kushika saa tu. Tool hawakuazima hata pigo moja la rekodi ile, na sina sababu ya kudai kwamba Carey alijifunza kwetu. Hata hivyo wamefika karibu zaidi na namna ingoma inavyopigwa Gishora, kwenye makao yake, kuliko wale waliokuwa na sauti yenyewe ya ingoma mkononi.

Wanaolalamika wana hoja pia. Ya kwanza ni sauti ya Maynard James Keenan, ambayo ni chache na inachelewa. Kuhusu ile miaka 13 mengi yalisemwa: kesi na kampuni ya bima iliyomalizika 2015, bendi zake nyingine, mashamba yake ya mizabibu Arizona. Lakini jambo zito zaidi ni utaratibu wao wa kazi. Wale watatu wanamaliza muziki kwanza, maneno yanakuja mwisho. Keenan anakabidhiwa nyumba iliyokwisha kuezekwa, atafute mwenyewe pa kuweka kitanda. Kwenye "Invincible" amepapata. Kwenye wimbo wenyewe wa "Fear Inoculum" nadhani anaimba kwa sababu zamu yake imefika.

Ya pili ni nzito kuliko hiyo. Nyimbo nyingi humu zina umbo moja: zinaingia kwa ukimya, zinafura polepole, zinamalizia kwa rifu nzito. Ukisikia moja unashangaa, lakini zikifuatana kwa saa nzima unajua kila mlango unakotokea. "Culling Voices" ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa dramu inakawia mno kuingia, na tukishakubaliana kwamba dramu ndiyo msemaji wa albamu hii, kinachobaki pale ni ibishikizo visivyo na wa kumfuata. "Chocolate Chip Trip" ina kosa la kinyume: Carey peke yake na mashine zake, anasema bila wa kuitikia.

Urefu nao ulikuwa na mpaka wake. CD hubeba takribani dakika 80, na toleo la CD lina 79 na sekunde kumi. Vipande vitatu vidogo vya kuunganisha vikabaki kwenye toleo la mtandaoni, linalozidi dakika 86. Sisi wa flashi tulivipata vyote bila kuviomba, na ningevifuta vyote vitatu bila kusita. "Culling Voices" ningeipunguza theluthi nzima na kumwita Carey mapema. "Descending", ile inayoanza kwa mawimbi ya bahari, ningeihamishia mwisho badala ya "7empest", ambayo solo za Jones zinazunguka mara mbili zaidi ya zilivyo na la kusema. "Pneuma" nisingeigusa.