Ufundi wa Kupokea

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa Tanzania, steshenari hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Ndani ya bahasha mna cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, pengine na cheti cha kifo cha mzazi. Mwenye duka anaviskani kimoja kimoja, anafungua fomu, anachagua faili, anabonyeza kitufe cha kutuma. Duara dogo linaanza kuzunguka kwenye kioo, na wote wawili, mwenye duka na mteja wake, wanalitazama kimya.

Nataka kumsifu mtu aliye upande wa pili wa duara hilo: fundi aliyeandika programu inayopokea. Programu zikisifiwa, husifiwa kwa sura yake, kwa wepesi wake, na siku hizi kwa akili mnemba iliyomo ndani yake. Mapokezi hayasifiwi. Kwangu mimi, hapo ndipo fundi anapojulikana. Anayejua kupokea hushika mambo mawili ambayo wengi wetu hatuwezi kuyashika pamoja: anaishuku kila baiti iliyoletwa, na anamheshimu kila mtu aliyeileta.

Tuanze na kinachosafiri. Ombi linalotoka kwenye kivinjari kwenda kwenye seva, kwa muundo wake wa asili, ni maandishi ya kawaida mwanzoni mwake. Mstari wa kwanza unataja linakokwenda. Inafuata mistari ya vichwa inayoeleza aina ya mzigo na ukubwa wake. Kisha unakuja mstari mtupu. Kisha mzigo wenyewe. Fomu yenye maneno matupu hubanwa ikawa mstari mmoja mrefu wa majina na majibu yake. Picha na hati hazikai vizuri humo. Mwezi Novemba 1995, Ernesto Nebel na Larry Masinter wa kampuni ya Xerox walitoa waraka unaoitwa RFC 1867, wakapendekeza njia tunayoitumia hadi leo. Mzigo mmoja ugawanywe vipande, kila kipande kiwe na kichwa chake kidogo kinachosema hili ni jina la mwombaji, hii ni picha yake, na baina ya vipande uwekwe mpaka, yaani mfuatano wa herufi ambao hautokei popote ndani ya mzigo. Kivinjari ndicho kinachobuni mpaka huo na kuutangaza mapema. Masinter aliurudia waraka huo zaidi ya mara moja, na toleo lake la 2015, RFC 7578, ndilo linalofuatwa sasa.

Kwa maelezo, kazi inaonekana rahisi: tafuta mpaka, kata, tafuta mwingine. Ugumu uko kwenye mtandao. Seva haipati mzigo wote kwa mkupuo; inaupata kwa mafungu, na mafungu hayajui mpaka uko wapi. Mpaka wenye herufi 40 unaweza kukatika katikati, herufi 23 zikaja mwishoni mwa fungu hili na 17 zikaja mwanzoni mwa fungu lijalo, baada ya mtandao kusuasua. Msomaji, yaani kipande cha programu kinachousoma mzigo, akiwa mzembe hulitazama fungu la kwanza, haoni mpaka uliokamilika, basi huziandika zile herufi 23 ndani ya picha kana kwamba ni picha. Akilipata fungu la pili, mkia wa mpaka haumwambii kitu, kwa hiyo anaendelea kuandika. Cheti cha kwanza kimeungana na cha pili, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Msomaji mzuri hufanya jambo dogo ambalo hunifurahisha kila ninapolikuta kwenye msimbo wa watu. Akifika mwisho wa fungu, huzizuia baiti chache za mwisho mkononi, asiziandike popote mpaka aone kinachofuata. Kama zilikuwa mwanzo wa mpaka, fungu lijalo litathibitisha. Kama hazikuwa, ataziandika pamoja na nyingine. Aliyeandika mistari ile michache alikaa akafikiria mkato ambao huenda ukatokea mara moja katika maelfu ya maombi, akaushughulikia kabla haujamfika mtu.

Siku hizi wengi wetu hatuandiki msomaji wetu wenyewe. Tunajengea juu ya zile zinazoitwa fremuweki, kama Django, Laravel, Rails au Flask, na hekima ya watu wengi imehifadhiwa ndani ya namba zake. Django ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, Kansas, ikatolewa kwa umma 2005. Ukiiacha na mipangilio yake ya kawaida, faili lisilozidi megabaiti 2.5 hukaa kwenye kumbukumbu ya seva. Likizidi hapo, huandikwa kwenye diski kama faili la muda, na husomwa kwa mafungu ya kilobaiti 64. Aliyechagua namba hizo huenda alikuwa anafikiria saa ambayo watu mia watatuma video kwa pamoja kwenye mashine ndogo ya kukodi. Lugha ya PHP nayo ina desturi ninayoipenda sana: faili lililopokelewa huwekwa mahali pa muda, na ombi likimalizika bila mtu kulihamisha, hufutwa lenyewe. Kinachobaki ni kile tu ambacho fundi ameamua kwa makusudi kukitunza.

Sasa tuje kwenye shaka. Jina la faili limetungwa na mtumaji, na mtumaji anaweza kuandika anachotaka. Anaweza kuandika nukta mbili na mkwaju, tena na tena, akapanda folda hadi folda ili faili lake likaangukie juu ya faili la mfumo. Maktaba ya Werkzeug, inayoibeba Flask, ina kazi ya kusafisha majina, na mfano wake maarufu ni huu: "../../../etc/passwd" huingia, "etc_passwd" hutoka. Sumu imetolewa. Lakini usafishaji huo umepimwa kwa herufi za Kilatini zisizo na nyongeza. Faili linaloitwa "Cheti cha Ng'ang'a (1).pdf" hutoka likiwa "Cheti_cha_Nganga_1.pdf", na hilo linavumilika. Ndugu yetu wa Maskati akituma hati aliyoipa jina kwa herufi za Kiarabu tupu, herufi zote hutupwa na hubaki neno "pdf" peke yake. Wa pili akituma yake, nayo itaitwa "pdf". Fundi asipokuwa mwangalifu, hati ya pili itaifuta ya kwanza.

Karani wa vifurushi kwenye ofisi ya mabasi alishalimaliza swali hili. Kifurushi hubandikwa namba ya ofisi, na maneno ya mteja huandikwa kwenye daftari. Laravel hufanya vivyo hivyo: ukiiambia tu ihifadhi faili, hulipa jina la nasibu, na jina alilolileta mtumaji unaweza kulitunza kwenye hifadhidata ili umwonyeshe mwenyewe atakaporudi. Ning'ang'anie hapo, kwa sababu wengi hulitupa jina la mtumaji wakidhani usalama unataka hivyo. Mtu aliyetuma "barua ya mwenyekiti wa mtaa" halafu akaonyeshwa mfuatano wa herufi 40 hajui kama barua yake imefika.

Aina ya faili nayo ni madai tu ya mtumaji. Kivinjari husema "hii ni picha" kwa kutazama kiambishi cha jina, na programu ya mdukuzi husema lolote. Fundi hufungua akatazama. PDF ya kweli huanza na alama ya asilimia na herufi PDF. PNG ina herufi PNG kuanzia baiti yake ya pili. JPEG huanza na baiti FF D8. Hata hilo halitoshi, maana faili linaweza kuanza vizuri na kuishia vibaya. Kwa picha, njia bora ni kuisoma na kuiandika upya, na hapo hapo kuondoa taarifa ambazo simu hupachika kimya kimya, mojawapo ikiwa mahali hasa picha ilipopigwa.

Shaka haiishii kwenye mafaili. Machi 2012, kijana wa Urusi aitwaye Egor Homakov alituma kwa GitHub, tovuti iliyojengwa kwa Rails na inayoutunza msimbo wa Rails, ombi lenye sehemu ambayo fomu yao haikumwonyesha. Programu ilipokea kila kilicholetwa na kukiandika moja kwa moja kwenye hifadhidata, na kwa njia hiyo akajipatia ruhusa ya kuandika ndani ya msimbo wa Rails yenyewe. Alikuwa ameshaonya kuhusu tatizo hilo kabla ya hapo. Rails 4, iliyotoka 2013, ilibadili desturi: fundi sharti ataje sehemu anazozikubali, na nyingine zote huachwa nje. Ni orodha fupi, maneno matano au sita kwenye mstari mmoja, na naihesabu kuwa mojawapo ya mistari yenye adabu kubwa katika programu nzima. Inasema wazi tulichokuomba, na kwamba hatuchukui zaidi ya hicho.

Mfano unaoniumiza zaidi ni wa Apache Struts, fremuweki nyingine. Ilikuwa na msomaji wa mizigo ya vipande, aina ile ile niliyoieleza juu. Mtu alipotuma kichwa cha aina ya mzigo kilichovurugwa kwa makusudi, msomaji alikikataa, kama ipasavyo. Kisha akatunga ujumbe wa kosa, akayaingiza maneno ya mtumaji ndani ya ujumbe, na katika kuutunga akayatekeleza kama amri. Rekebisho lilitolewa mapema Machi 2017. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, haikuliweka kwa wakati. Wadukuzi waliingia Mei, wakaendelea hadi mwisho wa Julai, na taarifa za watu takriban milioni 147 zikaenda. Mlango uliokuwa wazi ni maneno ya kumkatalia mtu.

Shaka peke yake, hata hivyo, huzaa mifumo mikali isiyofaa kitu. Nimeona fomu nyingi Afrika Mashariki zinazokataa alama ya ng', eti kwa sababu alama hiyo hutumiwa na wadukuzi kuvuruga hifadhidata. Dawa ya hila hiyo inajulikana kwa miaka mingi: amri ya hifadhidata itumwe mbali na maneno ya mtumiaji, yasichanganyike kamwe. Ukishafanya hivyo, Ng'eno na Nyong'o waandike majina yao kama wazazi wao walivyowapa. Simu nazo mara nyingi huandika alama iliyopinda badala ya iliyonyooka. Fundi mwenye heshima huzikubali zote mbili na kuzilinganisha mwenyewe, bila kumsumbua mtu.

Tena kuna ukubwa. Seva ya nginx, isipobadilishwa, hukataa mzigo unaozidi megabaiti 1, na picha moja ya simu ya kawaida huzidi hapo kwa urahisi. Mwombaji huona namba 413 na maneno ya Kiingereza. PHP isipobadilishwa hukubali faili la megabaiti 2 na ombi zima la megabaiti 8, na ombi likizidi hapo, sehemu zote za fomu hufika kwenye programu zikiwa tupu. Programu iliyoandikwa bila kulijua hilo hutazama, haioni jina, inamrudishia mtu ujumbe kwamba hakujaza jina lake. Amejaza jina, tarehe na shule, ameambatisha vyeti vyote, na anaambiwa hakuandika kitu. Anajaza upya, anatuma upya, bando linaisha. Ujumbe sahihi ungekuwa mstari mmoja: picha yako ni kubwa, kikomo ni hiki, punguza hivi.

Kwa mtandao unaokatika, zipo njia za kupokea kwa awamu. Itifaki ya tus, kwa mfano, humruhusu mtumaji aliyekatika kuuliza seva imeshapata baiti ngapi, kisha aendelee kuanzia hapo. Ningependa kila mfumo wa umma unaopokea vyeti uwe na kitu cha namna hiyo. Hati zilizokwisha kupokelewa pia zina haki zake: zikae nje ya folda inayofikiwa na kila mwenye kivinjari, na atakayezifungua ajulikane. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na fundi anayepokea cheti cha kifo cha mzazi wa mtu hapaswi kungoja kukumbushwa na sheria.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayejenga fomu yako ya kwanza. Kabla hujatangaza anwani yake, chukua simu ya bei nafuu, zima Wi-Fi ya ofisini, panda daladala. Jaza jina lenye ng'. Ambatisha picha yenye megabaiti 6, kisha ukate mtandao katikati. Soma kwa sauti ujumbe utakaorudi. Kama mama yako asingeuelewa, shuka kituo kinachofuata, ukauandike upya.