Nomino Zagombaniwa, Vitenzi Vyatawala: Uhakiki wa Mjadala wa Istilahi za Kompyuta

Utangulizi

Kila panapozuka mazungumzo juu ya Kiswahili na vyombo vya kisasa, iwe barazani, magazetini au katika chumba cha walimu, haupiti muda kabla ya kuulizwa swali lile lile: je, chombo hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Swali hilo limezua ubishi mwingi. Kila upande una mashabiki wake, na kila shabiki hujiona kuwa ndiye mlinzi wa lugha. Lengo la makala haya ni kuuhakiki mjadala wenyewe: unajadili nini, unaacha nini, na hicho unachokiacha kina uzito gani. Hoja itakayotolewa ni kwamba mjadala umekodolea macho nomino, ilhali kazi kubwa ya kuiingiza teknolojia katika Kiswahili imefanywa na vitenzi. Kwa kuvipuuza vitenzi hivyo, wataalamu wameuacha bila bawabu mlango ambao mtumiaji wa kawaida huupita kila siku.

Nomino zinazogombaniwa

Yafaa kwanza pande zote zitendewe haki. Wanaoitetea tarakilishi hueleza kwamba neno hilo limeundwa kwa kuunganisha tarakimu na akili, na kwa hiyo humdokezea msikilizaji kazi ya chombo chenyewe. Upande huu una ukoo wa heshima. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mwanazuoni wa Lamu, alishikilia kwamba istilahi mpya zitafutwe kwanza katika lahaja za Kiswahili, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kuzikimbilia lugha za kigeni. Neno runinga, ambalo limekita mizizi nchini Kenya, ni ushahidi kwamba fikra za aina hiyo zaweza kuzaa matunda.

Wanaoitetea kompyuta nao hukumbusha kuwa Kiswahili hakijapata kuogopa kukopa. Kitabu kimetoka Uarabuni, meza imetoka Ureno, shule imetoka Ujerumani na gari limetoka Bara Hindi. Wala hapana mzungumzaji anayeyaona maneno hayo leo kuwa mageni. Ama ngamizi, neno hilo halikufika mbali. Huenda sababu mojawapo ni kwamba linakaribiana mno kisauti na kitenzi angamiza, na si rahisi mtu kukizoea chombo ambacho jina lake lamtisha.

Hata hivyo, mjadala huu una kasoro mbili za msingi. Ya kwanza ni ya kihistoria. Tarakilishi husifiwa kuwa ni neno la kizalendo, lakini tarakimu asili yake ni Kiarabu, na akili vivyo hivyo. Kwa hakika, basi, mgogoro uliopo ni baina ya mkopo wa zamani na mkopo wa jana. Ikiwa karne chache zilitosha kuyafanya maneno ya Kiarabu yawe wenyeji, hapana kanuni ya kiisimu inayoweza kuinyima kompyuta uenyeji huo huo baada ya muda. Anayetaka kuipinga kompyuta na atafute hoja nyingine, kwani hii ya asili inamrudia mwenyewe.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Pande zote huchukulia kwamba istilahi ni kibandiko cha kubandikwa juu ya kitu, na kwamba kitu kikishapata jina lugha imemaliza kazi yake. Dhana hii ndiyo inayofanya orodha za istilahi zijae nomino, na ndiyo inayowafanya wasomi wabishane miaka mingi juu ya neno moja. Lakini lugha haikai katika majina peke yake. Hukaa katika sentensi, na moyo wa sentensi ya Kiswahili ni kitenzi.

Vitenzi vilivyoingia kimya kimya

Mnamo Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Windows nayo ikapata sura ya Kiswahili. Watafsiri wa kazi kama hizo hukabiliwa na jambo ambalo wabishi wa barazani hawalioni: jina la kompyuta hutokea mara chache tu, lakini vitenzi hutokea kila mahali. Fungua, funga, hifadhi, futa, tafuta, nakili, bandika, tuma: hayo ndiyo maneno yanayomkabili mtumiaji, na karibu yote yalikuwamo katika lugha kabla ya mashine hiyo kuwasili.

Mfano bora ni jozi ya pakia na pakua. Tangu zamani mizigo ilipakiwa chomboni na kupakuliwa bandarini. Na chakula kikiiva, mama alikipakua kutoka chunguni. Vitenzi hivi vilipotakiwa kueleza kupandisha faili kwenye mtandao na kuishusha kutoka huko, havikuhitaji kuundwa upya. Uhusiano wao ulikwisha kuwekwa na sarufi yenyewe kwa kauli ya kutendua, ile ile inayounganisha funga na fungua, ziba na zibua. Msikilizaji ambaye hajawahi kuigusa kompyuta huambiwa kuwa picha imepakuliwa, na mara moja huelewa kwamba ilikuwa mahali fulani na sasa imeletwa kwa aliyeihitaji.

Fauka ya hayo, kitenzi hunyambulika. Mtu husema "nipakulie wimbo ule", mwingine hulalamika kwamba "programu hii haipakuliki", wa tatu huuliza "imepakuliwa mara ngapi?" Hapana kamati iliyokaa kuziidhinisha sentensi hizo, zilizaliwa zenyewe, kwa kuwa shina lilikuwa hai. Neno tarakilishi, kwa upande wake, halijazaa chochote. Hata nomino zilizofaulu, nyingi zimefaulu kwa kuegemea kitenzi. Kivinjari ni mfano. Kuvinjari ni kuzungukazunguka na chombo baharini, huku mtu akiangalia na kulinda. Chombo cha kumzungusha msomaji mtandaoni kimepata jina linalomkumbusha mwendo, na mwendo huo ameuelewa kabla ya kukiona kitu. Hali kadhalika nenosiri hujieleza lenyewe, ilhali nywila, ambalo lilipendekezwa kwa maana hiyo hiyo, humlazimu msomaji kwenda kamusini.

Yaweza kupingwa kwamba vijana hawapakui bali hukopa vitenzi vya Kiingereza. Ni kweli kwamba hukopa. Lakini tazama jinsi wanavyokopa. Neno chati likishaingia, huanza kufuata sheria za mwenyeji: walichatiana, hachatiki, anachatishwa. Mkopo wa namna hii si dalili ya lugha iliyoshindwa. Lugha inayoweza kumvisha mgeni kiambishi cha mtendwa siku ya kwanza ya kuwasili kwake ina nguvu ambazo wabishi wa nomino hawajazihesabu.

Kitenzi kinapoficha

Nguvu hizo, hata hivyo, zina pande mbili. Wakati wasomi wakigombania jina la mashine, wenye biashara walikwisha kugundua thamani ya kitenzi. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007, maneno yaliyoibeba huduma hiyo yalikuwa yale ambayo watu wote waliyajua: kutuma, kutoa, kulipa. Hapo Kiswahili kilimtumikia mtumiaji. Aliyekuwa akituma pesa kijijini kwa mkono wa jamaa au dereva wa basi aliendelea kutuma, na kitenzi kikabaki vile vile.

Lakini zitazamwe huduma nyingine mbili. Anayeishiwa na muda wa maongezi huweza kukopeshwa kupitia Okoa Jahazi. Anayepungukiwa na pesa anapotaka kukamilisha malipo huweza, tangu mwaka 2019, kutumia Fuliza. Kwa mtazamo wa mtindo, majina haya yameteuliwa kwa ustadi mkubwa kuliko orodha nyingi za wanaistilahi. Jahazi linalookolewa ni taswira ya pwani inayomgusa hata mtu wa bara. Kufuliza nako ni kufanya jambo mfululizo bila kusita. Kwa mtazamo wa maana, hata hivyo, pana jambo la kushtua: katika majina yote mawili hamna kopa wala deni. Mkopo wenye ada umeitwa uokozi, na deni limeitwa mwendelezo. Kitenzi kimeteuliwa kwa kile kinachokionyesha na pia kwa kile kinachokificha. Mhakiki wa fasihi angekiona kitendo kama hicho katika shairi angekiita tafsida, na angeuliza ni nani anayenufaika nayo. Uliza hilo hilo hapa.

Mfano wa mwisho ni mdogo kwa umbo lakini ni mkubwa kwa matokeo. Mtumiaji anapofikia masharti ya programu, hukutana na kitufe cha kukubali. Katika Kiswahili kitufe hicho hutokea kwa sura mbili: Kubali, au Nakubali. Tofauti yake huonekana ni ya silabi moja tu. Katika Kiingereza shina tupu la kitenzi laweza kuwa amri au jina la tendo. Katika Kiswahili shina tupu kama hili ni amri. Mtumiaji anapobonyeza Tuma, yeye ndiye anayeiamuru mashine, na sarufi iko sawa. Anapoelekezwa kubonyeza Kubali, ni nani anayemwamuru nani? Ikiwa amri ni ya mtumiaji, basi ameiamuru mashine ikubali masharti ambayo yanamfunga yeye. Ikiwa amri ni ya mashine, basi ridhaa iliyopatikana ni ridhaa ya kuamrishwa. Nakubali, kwa kuwa limebeba nafsi ya kwanza, humweka msemaji mahali pake na kumpa nafasi ya kusita. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na ridhaa ni miongoni mwa nguzo zake. Kiambishi cha nafsi, ambacho mwanafunzi hufundishwa katika mwaka wake wa kwanza, kimekuwa suala la haki.

Hitimisho

Imejaribiwa kuonyeshwa hapa kwamba mjadala wa kompyuta na tarakilishi, pamoja na hamasa yake yote, umewekwa mahali pasipostahili. Maneno yote mawili yanaeleweka, yote yana mizizi nje ya Kibantu, na mwanafunzi anayetumia mojawapo katika mtihani hastahili kupoteza alama kwa sababu msahihishaji ni shabiki wa jingine.

Kazi inayowangoja wataalamu ni nyingine. Orodha za istilahi zipange vitenzi pamoja na minyambuliko yake, na kila kitenzi kijaribiwe katika sentensi tatu au nne kabla ya kupendekezwa. Maneno ya vitufe yapimwe kwa nafsi na kwa hali ya kitenzi, si kwa maana ya kamusi pekee. Majina ya huduma za fedha yahakikiwe kama yanavyohakikiwa mashairi, na palipo na deni litajwe kuwa deni. Idara za Kiswahili zina watu wenye ujuzi huo wote: wapo wanaofundisha sarufi, wapo wanaofundisha mtindo na tafsiri. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga Julai 7 iwe Siku ya Kiswahili Duniani, na lugha hii ikasifiwa kwa mapana yake. Sifa hizo hazitamfaa kitu mkulima wa Kitui au muuza samaki wa Kisumu ikiwa, anapobonyeza kitufe kwa lugha yake mwenyewe, bado hajui kama ameamuru au ameamriwa.