Nukta mbili kwenye ramani ya Rhotia

Lami inayotoka Makuyuni hupita Mto wa Mbu, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona juu ya kona, ikakatiza Rhotia kabla ya kuingia Karatu mjini. Kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004, sifa za barabara hiyo, zahanati na duka la kijijini zote huhifadhiwa kwa namna moja: ufunguo na thamani yake. Hakuna fomu inayombana mchangiaji. Tangu 2015 wanaojitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji vya Tanzania kwa picha za setilaiti, na wenyeji wakiongeza majina kwa simu. Mikono ikiwa mingi hivyo, huyu ataandika `phone`, yule `contact:phone`. Kwa hiyo anayepakua data ya eneo huanza kwa kuuliza: humu mna makundi gani ya funguo?

Kundi hutambulika kwa kilichotangulia nukta mbili: `addr` katika `addr:street`, `contact` katika `contact:phone`. Tunataka kila kiambishi awali kitajwe mara moja tu. Huduma ya Overpass, inayotoa data ya ramani hii, ikishatupa JSON, kazi ni fupi:

```
const viambishi = new Set(
  data.elements
    .flatMap(e => Object.keys(e.tags ?? {}))
    .filter(k => k.includes(':'))
    .map(k => k.split(':')[0])
);
```

`Set`, iliyoingia JavaScript katika toleo la 2015, hukataa marudio na hutunza mpangilio wa kuingia. Hapo hapana ugumu.

Ile `?? {}` inaonekana pambo, kumbe ndiyo inayobeba mzigo. Barabara kwenye ramani hii ni mfuatano wa pointi, na pointi nyingi hazina sifa yoyote. Overpass haiziwekei `tags` kabisa. `Object.keys` ikipewa `undefined` hutupa TypeError na kazi nzima husimama. Barabara ya kona huhitaji pointi nyingi kuliko iliyonyooka, kwa hiyo mpando wa kutoka Mto wa Mbu peke yake unatosha kuiangusha programu.

Wapo wanaopenda `k.slice(0, k.indexOf(':'))`. Siipendi. Kwa ufunguo usio na nukta mbili `indexOf` hurudisha -1, na `slice(0, -1)` hunyofoa herufi ya mwisho: `highway` inakuwa `highwa`, `name` inakuwa `nam`. Programu hailalamiki hata kidogo. `split` haina ugonjwa huo, ila bila `filter` itachanganya `name` tupu na `name:sw`. Wala usishawishike kukata kwa mstari wa chini. `opening_hours` ni ufunguo mmoja, si kundi liitwalo `opening`.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye maana. Katika `name:sw` na `name:irk`, yaani jina kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw, kinachotofautisha kiko nyuma ya nukta mbili. `addr` hukusanya tu vipande vya anwani. Lakini `disused:shop` ni duka lililokwisha kufungwa: kiambishi kimekanusha kinachofuata. Kwa msimbo wetu vyote vitatu ni sawasawa. Atakayekuja "kusafisha" data kwa kufuta viambishi atabaki na `shop`, na msafiri ataelekezwa kununua maji mahali palipofungwa. Halafu kuna `generator:output:electricity`, yenye ngazi mbili. `split(':')[0]` huona ya kwanza tu, na anayetaka `generator:output` anaweza kutumia `lastIndexOf`.

Kwa sababu hiyo mimi sitoi orodha ya viambishi vitupu. Funguo zikishaondolewa marudio, huzipanga kwa `Object.groupBy(funguo, k => k.split(':')[0])`, iliyoingia katika toleo la 2024, ili chini ya kila kiambishi zionekane funguo zake kamili. Anayeijua Rhotia akizipitia dakika chache, atasema zipi ziunganishwe na zipi zisiguswe.