Fundi na Mshuko wa Polepole

Barafu ikishayeyuka katika maziwa ya Minnesota, Marekani, wenye boti hurudisha majini viunzi vya alumini walivyovitoa kabla ziwa halijaganda. Kila kiunzi kina silinda za mafuta na pampu inayotumia betri, na kazi yake ni kuiinua boti itoke kwenye maji, mawimbi yasiigonge gatini. Jioni boti inaachwa juu. Asubuhi inakutwa inagusa maji, na hakuna tone la mafuta linaloelea popote.

Hitilafu hii ndiyo inayonifanya nimheshimu fundi. Chuma kilichokatika hata mpita njia anakiona, lakini kinachoshuka milimita chache kwa saa hakionekani hata ukikikodolea macho. Fundi mwenye pupa hukimbilia kufungua pampu, kwa kuwa ndiyo inayonguruma. Fundi ninayemsifu hafungui kitu. Anafunga utepe kwenye mkono wa silinda, anapima kwa rula, anaandika saa na joto la hewa, kisha anakwenda zake.

Joto analiandika kwa sababu. Mafuta yakipoa hunywea, karibu asilimia 0.07 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Silinda iliyonyooka mita 1, ikitoka nyuzi 28 za mchana hadi 13 za alfajiri, hurudi nyuma kama sentimita 1 bila chochote kuvuja, na kwa kuwa silinda husukuma karibu na egemeo, boti hushuka zaidi ya hapo. Mshuko wa baridi hukoma joto likitulia. Uvujaji hauna pa kukomea. Kuzitenganisha hali hizo mbili kunataka subira, na wengi hulipa gharama ya vipuri kwa kukosa subira hiyo.

Anachungulia pia ndani ya boti, maana lita 100 za mvua ni kilo 100 zinazozikandamiza sili zote, yaani vizibo vinavyozuia mafuta yasipenye.

Halafu anafunga koki iliyo kati ya silinda na vali inayozuia mafuta yasirudi. Boti ikitulia, mkosaji ni vali, pengine chembe ya uchafu imeizuia isikae sawasawa kwenye kiti chake. Ikiendelea kushuka na nje ni pakavu, mafuta yanapenya kando ya pistoni na kurudi tangini kwa upande wa pili. Koki moja imeligawa tatizo zima. Hapo ndipo akili ya kazi hii ilipo, nami huiona nzuri kama hoja iliyojengwa vyema.

Sili yenyewe ina historia ya kuheshimiwa. Joseph Bramah alipopata hataza ya shinikizo lake la maji huko Uingereza mwaka 1795, shida ilikuwa kuziba pistoni. Ufumbuzi unahesabiwa kuwa wa Henry Maudslay, fundi wa karakana ya Bramah: kikombe cha ngozi ambacho msukumo wa maji wenyewe hukibana ukutani, nao ukizidi, nacho hubana zaidi. Sili nyingi za leo zinafuata wazo hilohilo, ila ukuta ukichubuka au mdomo wa sili ukikakamaa, hapabaki cha kubana.

Kabla ya kulegeza nati yoyote, boti inaondolewa na kiunzi kinaegemezwa, kama mafundi wa gereji zetu wanavyotia magogo chini ya gari badala ya kuiamini jeki. Wala hapapasi mipira ya mafuta kwa vidole, kwani mafuta yenye msukumo mkali hutoboa ngozi. Hupitisha kipande cha boksi na kutazama kitakapolowa.

Matengenezo huwa mafupi: kusafisha kiti cha vali, au kubadilisha sili na kumwaga mafuta machafu. Utepe haubanduki bado. Boti inapandishwa tena, koki ikiwa wazi, na fundi anapima kwa saa zilezile na baridi ileile, ili namba za usiku huu ziweze kulinganishwa na za usiku uliopita.