Kadi ya Mbwa Ibaki Nyumbani

Kutoka Mugumu kwenda Arusha kwa gari kuna njia mbili, na mbwa ndiye anayeamua utapita ipi. Moja inaingia geti la Ikoma, inapita Seronera na Naabi, inapanda Ngorongoro na kushukia Karatu. Nyingine inazunguka: Nata, Bunda, Lamadi, unakata kwenda Bariadi na Maswa hadi Mwigumbi, kisha Shinyanga, Nzega, Singida na Babati. Ukimpakia mbwa, ile ya kwanza huipati, kwa sababu wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hata aliyevuka mpaka wa Sirari akitokea Isebania na gari lenye kitanda na jiko, vibali vyote vya mbwa mkononi, getini atageuzwa.

Wapo wanaodhani ni ukali wa askari tu. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, karibu simba 1,000, na macho yote yaligeukia mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Uchambuzi uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba mwanzoni virusi vilitoka kwa mbwa kwenda kwa simba, ila baadaye vilizunguka pia miongoni mwa wanyamapori wengine. Mbwa hakuwa mkosaji peke yake. Lakini alikuwamo, na hilo linatosha kumzuia getini.

Kwa hiyo familia nyingi za huku Mara, tukienda safari ya wiki tatu au mwezi, humwacha mbwa nyumbani. Tunasema tumemwacha alinde. Mbwa wa Tarime na Serengeti ana kazi: anakaa na ng'ombe, anabweka fisi wakikaribia zizi, anamjua mgeni kwa harufu. Tatizo ni kwamba maandalizi yetu yote huishia kwenye gari. Tunapima upepo wa matairi, tunabadilisha oili, tunafunga mizigo juu ya keria, na mbwa tunamkumbuka asubuhi ya kuondoka. Kwa upande wa chanjo, asubuhi hiyo tumechelewa kwa mwezi mzima.

Wilaya ya Serengeti ina historia ndefu katika jambo hili. Kati ya 1996 na 2001 zilifanyika kampeni 4 za kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, na Wilaya ya Musoma ikatumika kulinganisha. Utaratibu ulikuwa mwepesi: kituo kimoja kijijini, siku iliyotangazwa, mwenye mbwa amlete. Kampeni hizo zilifikia kati ya asilimia 61 na 74 ya mbwa. Kichaa kilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na kwa asilimia 97 baada ya ile ya pili. Musoma hakikupungua hivyo. Tangu 2003 vijiji vya kandokando ya hifadhi vimekuwa vikichanjiwa mbwa dhidi ya kichaa, distempa na pavo kwa pamoja.

Kwa nini ilitosha kuwafikia mbwa 7 kati ya 10? Kwa sababu mbwa mwenye kichaa, kwa hesabu zilizofanywa huku kwetu, huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na kidogo tu. Akizungukwa na waliochanjwa, ugonjwa hukosa pa kwenda. Shida ni kwamba asilimia 70 ya leo haikai. Watoto wa mbwa huzaliwa, wakubwa hufa, na kabla mwaka haujaisha ukuta umetoboka. Ndiyo maana kampeni hurudiwa.

Dkt. Magai Kaare na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2009, walionyesha kwamba kituo kimoja kinatosha kwa vijiji vya wakulima wanaofuga, kama vingi vya upande huu wa Mara. Kwa jamii za wafugaji wanaoishi kwa kutawanyika ilibidi njia nyingine ziongezwe. Mimi naliona tundu jingine hapo, na ni la wasafiri. Siku ya chanjo ni moja. Mara nyingi anayempeleka mbwa kituoni ni mtoto, kamba mkononi. Familia ikiwa safarini siku hiyo, mtoto yuko Dodoma kwa shangazi yake na mbwa yuko uani Mugumu. Jirani aliyeachiwa kazi ya kumlisha hatathubutu kumfunga kamba mbwa asiye wake. Basi mbwa huyo amekosa chanjo mwaka mzima.

Jawabu ninalolipenda zaidi limetoka hapahapa nchini, nalo ni la udongo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba chanjo ya kichaa inayotumika kwenye kampeni hizi hubaki na nguvu hata ikikaa nje ya friji miezi 6 kwenye nyuzijoto 25, au miezi 3 kwenye nyuzijoto 30. Likafuata swali la kuitunza kijijini kusiko na umeme. Dkt. Ahmed Lugelo na wenzake wakajaribu vyombo vya kupoozea vilivyotengenezwa hapa nchini kwa udongo, vinavyotumia akili ileile ya mtungi wa maji ya kunywa: maji yanayopenya na kukauka huondoka na joto. Chanjo ikikaa kijijini, mbwa hangoji tena siku moja ya mwaka. Anayesafiri Desemba anaweza kumchanjia mbwa wake Novemba, na anayerudi Januari akakuta mbwa kazaa, atapata pa kwenda.

Kwa hiyo hesabu yangu huanzia siku ya kuondoka na kurudi nyuma. Kinga huchukua kama wiki 3 hadi 4 kujengeka kwa mbwa anayechanjwa mara ya kwanza. Ukiondoka tarehe 15 Desemba, sindano iwe imeingia kabla ya tarehe 20 Novemba. Wiki hiyohiyo kuku nao wapate tone la chanjo ya I-2 jichoni dhidi ya mdondo, kwa sababu hurudiwa kila baada ya miezi 3 na hutaki zamu yao iangukie siku ambazo hupo.

Nyumba yenyewe haina mengi: mtungi wa gesi ufungwe, balozi wa nyumba kumi aambiwe, mwenye kulala pale aanze kulala siku mbili tatu kabla, wewe ukiwepo. Hapo ndipo mbwa humzoea. Aanze pia kumlisha mwenyewe, ugali wa dona na dagaa, mbwa aone chakula kikitoka mkono ule. Mbwa asifungwe mnyororo mwezi mzima. Akifunguliwa siku moja kwa bahati mbaya, wa kwanza kupita njiani ndiye atakayeng'atwa.

Na akimng'ata mtoto, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha zahanati au hospitali mara moja, bila kusubiri mwenye mbwa arudi. Swali litakaloulizwa huko ni kama mbwa amechanjwa na yuko wapi, maana akiwa hai na mzima atatazamwa siku 10. Miaka mingi kadi ya chanjo ya mbwa niliiweka kwenye droo ya gari pamoja na karatasi za bima. Sasa ninampa jirani mkononi, pamoja na ufunguo.