Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa Vidole Kumi

Bagamoyo huchapwa kwa kupokezana mikono: herufi nne za mwanzo ni za kushoto, nne za mwisho ni za kulia. Tabora ni ya kushoto karibu yote. Kidole cha pete cha mkono wa kulia hunyanyuka kugusa O, kikatulia tena. Ujiji ni wa kulia mtupu, na kazi yote hufanywa na vidole viwili tu, cha shahada na cha kati. Njia ya misafara iliyowachukua wapagazi miezi, takriban kilomita 1,200 kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, mchapaji hodari huimaliza kwa pumzi moja, macho yakiwa kwenye karatasi.

Muulize sasa B iko wapi. Atasita, atainua mikono hewani, atachezesha vidole, ndipo akujibu.

Tabora ina haki ya kujidai katika ufundi huu. Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, kiliwafunda makatibu muhtasi tangu enzi za mashine za taipu. Kwa miaka mingi matangazo ya kazi serikalini yalimtaka katibu wa daraja la chini awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 kwa dakika moja. Kasi hiyo haipatikani kwa kufikiri. Mtu anayejiuliza alama ifuatayo ni ipi, bosi ameshafika aya ya tatu. Ndiyo maana mafunzo ya hatimkato na ya taipu ni marudio juu ya marudio, kidole kirudi nyumbani kwake hata mwenyewe akiwa anawaza chakula cha mchana.

Kinachochekesha ni kwamba kibodi yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya Kiswahili. Mpangilio wa QWERTY ni wa Mmarekani Christopher Sholes. Mashine yake iliingia sokoni mwaka 1874. Herufi A, inayotumika kuliko zote katika Kiswahili, imetwishwa kidole kidogo cha kushoto, dhaifu kuliko wenzake wote. Andika "barabara" uone: mkono wa kulia umekaa bure kama mgeni mwalikwa, kidole kidogo kinafanya kibarua. Q na X hatuzihitaji, lakini zina viti vyao. Mwaka 1936 August Dvorak alipata hataza ya mpangilio mwingine, uliosifiwa kuwa mwepesi zaidi. Akahamisha karibu kila herufi, A akaiacha palepale.

Waandika programu nao wana uhazili wao. Mwaka 1976, huko Berkeley, California, Bill Joy aliandika programu ya kuhariri maandishi iitwayo vi. Kibodi aliyotumia ilikuwa na vishale vilivyochorwa juu ya H, J, K na L, na hadi leo watumiaji wake hutembea ndani ya maandishi kwa herufi hizo, kipanya kikiwa hakina kazi. Amri zake hujengwa kwa vipande, kama kitenzi chetu: d ni kufuta, w ni neno, d3w ni kufuta maneno matatu. Mgeni huchanganyikiwa, na wengi hushindwa hata kutoka. Mwenyeji hachomoki. Yeye na wale wa Emacs, programu nyingine ya mwaka huohuo, wanataniana kama Mnyamwezi na Mzaramo.

Toleo la vi linalojulikana zaidi, Vim, lilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, akajitolea katika kituo cha watoto kwa mwaka mmoja. Programu yake hakuiuza. Tangu hapo aliomba anayeitumia awachangie watoto wale. Ukiifungua bila faili, ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda linakutazama usoni. Moolenaar alifariki mwaka 2023, na mstari huo umesomwa na watu wengi ambao Kibaale hawaijui hata kwenye ramani.

Kuwaita wachapaji na watumiaji wa vi wakaidi kwa kushikilia mazoea yao ni kuwaonea. Mpagazi wa Kinyamwezi alizoea kubeba begani, mwenzake wa pwani kichwani, na robota za nguo zilifungwa ndefu na nyembamba ili bega lizipokee. Mzigo ndio uliomfuata mbebaji.

Sasa mvushe mchapaji wa Tabora ziwa, afike Kalemie. Huko Kongo ofisi zilifuata Kifaransa, na kibodi ya Kifaransa imebadilishana A na Q, W na Z, na M imehamishwa. Anaandika "waziri", kioo kinamwonyesha "zqwiri". Tabora inakuwa "Tqborq". Bagamoyo inatokea "Bqgq,oyo", imechomwa mkato katikati. Anafuta, anarudia, vidole vinakwenda kulekule. Mwishowe huingia kwenye mipangilio ya kompyuta na kurudisha QWERTY, herufi zilizochorwa kwenye vitufe ziseme lao, vidole vifanye lao. Katika miji yote mitatu ya njia ile, ni Ujiji tu uliovuka ziwa bila kupoteza herufi.