Karani wa Meza

Ligi ya basketi hufika Itaba ikiwa namba. Mechi kubwa za Burundi huchezwa Bujumbura, na kutoka kwenye vilima vya Itaba hadi kando ya Tanganyika ni safari ya zaidi ya kilomita 100 yenye kona nyingi, tena katika nchi ambayo miaka hii mafuta ya gari yamekuwa ya kuwindwa. Kwa hiyo mpenzi wa klabu ya Urunani au Dynamo aliyeko huku Gitega husikia redioni au kusoma kwenye simu kwamba fulani kamfunga fulani, kwa pointi ngapi, na basi. Ndivyo ilivyo Muyinga pia, kule karibu na mpaka wa Kobero: watu hubishana juu ya mchezo ambao wengi wao hawakuuona. Wanabishana kwa kutegemea tarakimu, na tarakimu hizo zimetoka kwenye mkono wa mtu mmoja ambaye hakuna anayemtaja.

Mtu huyo ni karani wa meza. Huketi katikati, pembeni mwa uwanja, pamoja na msaidizi wake, mtunza muda, na yule wa saa ya sekunde 24. Watazamaji humwona kama fanicha. Mimi nadhani ndiye fundi wa msimu mzima, na kwamba bila yeye tungekuwa na vijana wakirusha mpira, lakini ligi hatungekuwa nayo.

Tazama anachofanya. Karatasi rasmi ya FIBA, shirikisho la basketi la dunia, huwa na nakala nne zilizopangana, na kinachoandikwa juu hupenya hadi chini. Karani mzuri hukandamiza kalamu. Nakala nyeupe ni ya waandaaji, ya waridi huenda kwa timu iliyoshinda, na ya manjano, ile ya chini kabisa ambako wino hufika umechoka, ni ya walioshindwa. Sijui ni nani aliyepanga hivyo, lakini alikuwa na utani mkali.

Kalamu ni mbili. Nyekundu ni ya robo ya kwanza na ya tatu, buluu au nyeusi ni ya robo ya pili na ya nne, na ya muda wa nyongeza ukiwapo. Kwa rangi hizo, anayeikuta karatasi miezi sita baadaye anaweza kujua kosa la tatu la mchezaji lilitokea lini, bila kuuliza mtu. Dakika 10 kabla ya mpira kurushwa, kocha huthibitisha majina na watano wa kuanza, kwa alama ya x. Mchezo ukianza, karani huzungushia duara x ya kila mmoja wa hao watano. Mchezaji wa akiba akiingia kwa mara ya kwanza hupata x isiyo na duara. Kwa hiyo aliyekaa benchi dakika zote 40 ana nafasi tupu mbele ya jina lake, na utupu huo nao umeandikwa kwa namna yake.

Kazi kubwa iko upande wa kulia, kwenye safu za hesabu zinazoanza na 1 na kushuka hadi 160. Kikapu kikiingia, karani hupiga mstari wa mshazari juu ya jumla mpya na kuandika pembeni namba ya aliyefunga. Kama ni cha pointi tatu, namba ya mfungaji huzungushiwa duara. Mtupo huru haupewi mstari. Hupewa nukta nene iliyojazwa wino. Robo ikiisha, jumla ya mwisho hufungwa kwa duara zito na mstari mnene chini yake. Ni alama chache mno. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuzijifunza alasiri moja, na hapo ndipo watu hudanganyika wakadhani kazi ni rahisi.

Ugumu uko kwenye macho. Mshabiki huufuata mpira mpaka uingie, kisha huruka. Karani huufuata mpaka uingie, kisha humtafuta refa ahakikishe kikapu kimekubaliwa, huinama, huandika, huinua kichwa, na kumbe wapinzani wameshafika upande wa pili. Ndiyo maana msaidizi yupo: mmoja akiandika, mwingine anatazama, na wanaitana kwa sauti ya chini, timu gani, namba ngapi, pointi ngapi. Meza nzuri huwa na mnong'ono usiokatika. Meza mbaya huwa kimya, halafu ghafla ina ugomvi.

Kisha kuna mikono ya refa. Kosa likitokea, refa huja mahali anapoonekana na meza na kusema kwa vidole. Namba 13 ni ngumi moja na vidole vitatu. Namba 24 huonyeshwa kwa hatua mbili: kwanza mgongo wa mkono na vidole viwili, hayo ni makumi, kisha kiganja na vidole vinne, hizo ni mamoja. Baada ya hapo anaonyesha aina ya kosa, na mwisho mitupo mingapi au mpira unaelekea upande gani. Katika nchi ambayo uwanjani unaweza kusikia Kirundi, Kiswahili na Kifaransa ndani ya dakika moja, sentensi ile ya vidole haihitaji mkalimani. Karani huitafsiri kuwa herufi: P kwa kosa la kawaida, U kwa lisilo la kimichezo, T kwa la kiufundi, D kwa la kumfukuza mtu, na kitarakimu kidogo kando ya herufi kinachosema mitupo iliyotolewa. P2 peke yake ni hadithi: mtu alichezewa kosa, na mitupo miwili ikatolewa. Akifika kosa la tano, karani ndiye anayemwarifu refa kwamba mchezo umemwishia.

Ninachokipenda zaidi katika kazi hii ni subira yake. Karani akigundua kwamba kuna kosa la hesabu, hana ruhusa ya kupuliza king'ora papo hapo. Lazima angoje mpira ufe kwanza. Fikiria: timu moja inashambulia, ubao unaonyesha namba isiyo sahihi, watu wamesimama, na wewe peke yako unajua, na kazi yako ni kukaa na ukweli huo kifuani mpaka filimbi ipigwe. Mchezo hauvurugwi hata kwa ajili ya kuusahihisha. Na haya mara nyingi hufanyika kwenye uwanja usio na paa, kwa kuwa mikoani kwetu vikapu vingi viko wazi chini ya mbingu, na kuanzia Oktoba hadi Mei mvua haiombi ruhusa. Tone moja juu ya wino mwekundu linaweza kumpokonya mtu pointi.

Anayejua kusoma karatasi iliyokamilika huisoma kama mwenye duka anavyosoma daftari la madeni: haoni namba, anaona watu. Safu ya timu A ikishuka kwa duara mfululizo, kuna kijana aliyekuwa anarusha kwa mbali na hakuna aliyemkaribia. Sanduku la taimu-auti lina 6, kwa hiyo kocha aliita wachezaji wake dakika ya 6. Makosa manne ya timu yamejaa mapema katika robo ya buluu, halafu upande wa pili nukta zinapangana: wamelipishwa kwa mitupo huru. Lakini karatasi ina siri zake pia. Safu mbili hazisemi nani alifunga kabla ya nani ndani ya robo, wala haziandiki mpira uliogonga chuma ukatoka. Aliyezuia vizuri usiku kucha bila kufunga hana alama yoyote ya sifa.

Hata hivyo, kuna matukio ambayo bila meza yasingeaminika. Machi 2, 1962, huko Hershey, Pennsylvania, Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mechi moja, Philadelphia 169, New York 147. Hakuna filamu yake. Picha maarufu inamwonyesha ameshika kipande cha karatasi chenye 100 iliyoandikwa kwa mkono, na aliyeiandika ni Harvey Pollack, mtu wa takwimu. Dunia inaamini kwa sababu meza iliandika: vikapu 36, mitupo huru 28.

Sisi Warundi tuna karatasi yetu ya kukumbukwa, na inauma. Dynamo, wakati huo mabingwa wa nchi, walifika Ligi ya Basketi ya Afrika, BAL, na Machi 9, 2024 mjini Pretoria wakawafunga Cape Town Tigers 86 kwa 73. Walicheza wakiwa wameyafunika kwa utepe maneno ya tangazo la Rwanda yaliyokuwa kifuani mwa jezi. Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake na Rwanda mwezi Januari. Waandaaji walisisitiza jezi ivaliwe kama ilivyo. Dynamo hawakuingia uwanjani dhidi ya FUS Rabat, wala dhidi ya Petro de Luanda, na safari yao ikaishia hapo. Kanuni ya FIBA ni kavu: asiyecheza hupoteza kwa 20 kwa 0, na timu ikikataa mara ya pili katika mashindano hutolewa, na matokeo ya michezo yake yote hufutwa.

Kila mtu ana maoni yake kuhusu siasa ya jezi ile, na mimi ninayo, lakini hapa nafikiria karatasi. Ishirini kwa sifuri ni matokeo ambayo hakuna mkono uliofunga. Hakuna namba pembeni, hakuna duara, hakuna nyekundu wala buluu. Ile 86 kwa 73 ilipatikana kikapu kwa kikapu, na kila pointi ina mwenyewe. Jedwali linaweza kuiondoa. Lakini waliofunga wanajulikana.

Siku hizi ligi kubwa hutumia kompyuta na tableti, na ni vizuri, takwimu hufika simuni kabla jasho halijakauka. Bado ningetaka kila karani ajifunze kwanza kwa kalamu. Umeme ukikatika katikati ya robo ya tatu, mwenye karatasi anaendelea.

Mwisho wa mchezo una adabu yake. Karani hupiga mistari miwili minene chini ya jumla ya mwisho, hufuta kwa mshazari hesabu zilizobaki, na hujumlisha pointi za kila mchezaji zilingane na za ubao. Wa mezani husaini, kisha waamuzi wasaidizi, na refa mkuu mwisho kabisa. Kabla ya saini hiyo, kosa lolote la hesabu lazima lirekebishwe, hata likibadilisha mshindi. Baada yake, meza haina tena uwezo. Kinachobaki ni kuandika ripoti kwa waandaaji. Ndiyo maana kwenye fainali ya Olimpiki ya Munich, Septemba 1972, baada ya sekunde tatu za mwisho kuchezwa upya na Umoja wa Kisovieti kuwapita Marekani 51 kwa 50, refa Mbrazili Renato Righetto alipoletewa karatasi alikataa kuisaini.